Mita Tatu na Nusu za Yustina

Kama uliishi Mtoni kwa Aziz Ali mwaka ule wa tisini na tatu, utakumbuka jinsi tulivyotajirika kwa miezi mitano bila kupata kitu.

Ilitangazwa kwamba kampuni ya wageni imeleta meli ya kuchimba gesi baharini, nje ya Kimbiji, na kwamba dalili ni nzuri. Neno hilo "dalili" likatutosha. Mzee Mfaume, mwenye nyumba niliyopanga, alipandisha kodi ya vyumba vyote sita kwa maelezo kwamba wazungu wa gesi watatafuta pa kukaa, kana kwamba mzungu wa gesi alikuwa akitamani chumba kisicho na dari, choo uani, jirani yake mie. Duka lililokuwa likiitwa Tusaidiane lilipakwa rangi upya likawa Gesi Asilia Stoo. Bidhaa zilibaki zilezile: sabuni ya mche, viberiti na mafuta ya taa.

Mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyefanya kazi kweli kwenye hiyo gesi, na ndiye pekee ambaye hakuizungumzia. Aliitwa Yustina. Sie tulimwita Mama Adelina, kwa jina la binti yake. Alikuwa Mmwera wa Nachingwea, mrefu, mwenye sauti ndogo, mumewe Romani akichonga vinyago kibarazani kwao. Yustina alikuwa ametumikia serikali miaka kumi na sita akipima mvua, upepo na joto, mpaka zilipokuja zile barua za kupunguza wafanyakazi. Walimshukuru kwa hotuba, wakampa cheti na saa ya ukutani isiyo na betri. Mwaka mmoja baadaye ile kampuni ya gesi ikamwajiri kwenye ofisi yake ya Kurasini awe mtu wa hali ya hewa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi mashine ya faksi ilitoa karatasi kutoka kituo cha vimbunga cha kisiwa cha Reunion. Yustina aliisoma, akasikiliza vipimo vinavyotoka melini kwa redio, kisha akaandika ukurasa mmoja: upepo utatoka wapi, mawimbi yatakuwa na urefu gani leo, kesho na keshokutwa. Ukurasa huo ulitumwa melini kwa faksi, kwa nahodha.

"Mama Adelina analipwa kuangalia mawingu," alikuwaga akisema Salumu, mpiga tarumbeta tuliyepanga naye. "Mie nayaangalia bure kila siku, hakuna anayenipa hata soda."

Siku moja nilimuuliza Yustina mwenyewe, kuna nini cha kuogopa pale, meli si kubwa?

Hakunicheka. Alichukua mrija wa soda, akautumbukiza kwenye chupa, akaubana juu kwa vidole. "Meli inaelea, kisima kimekaa chini ya bahari hakisogei," alisema. "Kati yao kuna bomba. Bahari ikipandisha meli na kuishusha kidogo, bomba linavumilia. Ikizidi, ama bomba linakatika ama kisima kinang'oka mdomo, na gesi inapanda moja kwa moja chini ya miguu ya watu. Kwa hiyo mawimbi yakikaribia mita tatu, wanatakiwa wafunge kisima, waachie bomba, wasubiri. Kufanya hivyo kwa utulivu ni kazi ya saa nane. Ndiyo maana lazima wajue mapema." Alivuta mrija kutoka kwenye chupa, akanirudishia soda yangu.

Kazi hiyo ya saa nane ndiyo aliyoichukia Bwana Theonest.

Theonest alikuwa meneja wa mahusiano. Kijana wa miaka thelathini na tatu, Mhaya aliyesomea Ulaya kwa miaka miwili na kurudi na lafudhi ya miaka ishirini. Ofisini kwake palikuwa na ramani ya bahari yenye pini nyekundu, na hakuna aliyewahi kumwona akiitazama, ila wageni walipigwa picha mbele yake. Kwake yeye bahari ilikuwa mfanyakazi mwingine wa kampuni, na tena mvivu. Kila mawimbi yalipopanda na meli ikasimamisha kazi, alimwita Yustina na kumuuliza, "Mama, hii bahari yako ina shida gani?"

"Si yangu, Bwana Theonest."

"Wewe ndiye unayeiandika."

Mwezi wa tatu, wahandisi walisema kisima kiko tayari kujaribiwa. Maana yake ni kwamba wangeifungulia gesi kidogo ipande melini, waichome kwenye bomba refu lililotokeza baharini, wapime nguvu yake. Ni kazi ya mafundi, yenye kelele na joto. Lakini Theonest aliona ndani yake sherehe. Moto ukiwaka katikati ya bahari, lazima awepo mtu wa kuuwasha, na mtu huyo lazima awe mkubwa. Akapatikana mkubwa mmoja wa serikalini aliyekuwa na nafasi Alhamisi. Mwenyewe sitamtaja, na wala haina haja: alikuwa aina ile ya mkubwa anayefungua kitu kila wiki, na kwenye gari lake hukai bila kukalia mkasi.

Wakaandaa. Zikachapishwa kanga zenye moto wa gesi katikati, tarehe ya Alhamisi ile pembeni, na maneno GESI IMEWAKA, TUMEWAKA SOTE. Ikakodiwa bendi ya matarumbeta, na Salumu akiwemo. Kikaalikwa kikundi cha ngoma kutoka Mbagala. Wakapika pilau ya mbuzi watatu. Wakatafuta zulia jekundu la kutandika kwenye sitaha ya boti ya kuwapeleka wageni melini. Kamati ya maandalizi ilikutana mara kumi na moja, na katika mara zote kumi na moja hakuna aliyeuliza bahari itakuwaje, kwa sababu bahari haikuwa kwenye orodha ya waalikwa.

Jumanne asubuhi faksi ya Reunion ikaonyesha kimbunga kikubwa mashariki ya ncha ya kaskazini ya Madagaska. Hakikuwa kinakuja Dar. Vimbunga haviji Dar, na hilo kila mtu alilijua na kulirudia. Lakini Yustina alijua kitu cha pili, ambacho hakuna aliyetaka kukijua: kimbunga kikikaa mbali, mawimbi yake husafiri. Yanaondoka pale yakiwa na fujo, yanafika huku yakiwa marefu na mapana, bila upepo wala wingu, chini ya jua kali. Alipiga hesabu zake mara tatu. Jumatano saa nne asubuhi akaandika: Alhamisi alfajiri mita mbili, saa sita mchana mita tatu na nusu, hazitapungua hadi Ijumaa jioni. Kisima kifungwe leo.

Akampelekea Theonest karatasi mkononi.

Theonest alisoma, akainuka, akaenda dirishani. Nje jua lilikuwa linawaka mpaka lami inanata.

"Njoo hapa, Mama. Unaona nini?"

"Naona jua."

"Upepo?"

"Hakuna."

"Sasa hayo mawimbi yanatoka wapi? Yanachapishwa na hii faksi?"

"Yanatoka Madagaska, Bwana Theonest. Yako njiani. Jua halitayazuia."

"Kanga zimeshachapishwa," alisema Theonest.

Yustina alidhani hakusikia vizuri. "Kanga?"

"Zina tarehe. Mgeni rasmi ameshaahirisha kikao kwa ajili yetu. Mbuzi wameshachinjwa. Unataka nimwambie nini, kwamba kuna mama mmoja wa Mtoni ameota?"

"Mwambie kuna kimbunga."

"Sawa, nimekusikia. Niachie hii karatasi nitaituma mwenyewe." Kisha, alipokuwa akitoka, akamwongezea: "Na kesho uje. Upande boti pamoja nasi. Kama bahari itachafuka, ukazungumze nayo."

Yustina alirudi nyumbani akiamini nahodha ataipata karatasi, atafunga kisima, na sherehe itavunjika yenyewe. Hakulala na wasiwasi mkubwa. Alichokosea ni kudhani kwamba mtu aliyekataa kuamini namba ataiheshimu namba.

Theonest alichukua wino mweupe wa kufutia. Kwenye "mita tatu na nusu" akafuta tatu, akaweka moja. Hiyo nusu akaiacha, kwa uaminifu. Ule mstari wa kufunga kisima akaufunika wote. Akaitoa nakala, akaituma melini.

Yaliyotokea baharini nimeyapata kwa Yustina mwenyewe, na kwa Salumu, ambaye mpaka leo akiyasimulia husimama.

Boti iliondoka bandarini saa mbili na nusu. Ndani ya ghuba maji yalikuwa kama ya kwenye beseni. Tarumbeta zililia, akina mama wa ngoma walipiga vigelegele, mgeni rasmi alipunga mkono kwa makontena. Theonest alimwinamia Yustina, akamwambia kwa upole wa ushindi, "Unaona?"

Walipotoka nje ya visiwa, boti ilipanda. Ilipanda taratibu, muda mrefu, kama lifti, kisha ikashuka, na ilipokuwa inashuka matumbo ya watu yalibaki juu. Halafu ikapanda tena. Mbingu ilikuwa ya samawati, haina hata wingu, upepo hata wa kupeperusha leso haukuwepo. Salumu anasema hicho ndicho kilichomtisha: bahari ilikuwa imenuna na hakuna aliyeitukana.

Wa kwanza kutapika alikuwa mpiga ngoma kubwa. Wa pili alikuwa mwandishi wa habari. Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kuhesabu. Lile zulia jekundu lilipata rangi nyingine. Masufuria ya pilau yaliteleza kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na mpishi akiyafuata kwa magoti. Kikundi cha ngoma kilichotakiwa kucheza kililala chini mstari mmoja, na kiongozi wao akawa anamwomba Mungu amchukue, lakini amchukue akiwa nchi kavu. Mgeni rasmi peke yake alibaki amekaa wima kitini, uso wa kijivu, ameshika mkasi na yale makaratasi ya hotuba. Lazima nimpe haki yake: hakutapika. Alikuwa na mazoea ya kumeza vitu.

Saa tano na nusu wakaiona meli. Ilikuwa na mnara wa chuma katikati na pembeni, kwenye ncha ya lile bomba refu, moto. Ulikuwa umeshawashwa, mkubwa, wa rangi ya machungwa, ukiunguruma. Kitufe ambacho mgeni rasmi angebonyeza kilikuwa kimeunganishwa na taa ndogo ya kijani tu. Lakini meli yenyewe ilikuwa inainuka na kuinama, na Yustina alipoona moto ule akaelewa. Moto ukiwaka maana yake kisima kiko wazi, na meli bado imefungwa kwenye bomba la kisima.

"Hawakufunga," alimwambia Theonest. "Bwana Theonest, kwa nini hawakufunga?"

"Si wakati wake sasa."

Kutoka kwenye boti kwenda melini mtu hupandishwa kwa kikapu cha wavu kinachoning'inia kwenye kreni. Mgeni rasmi alivishwa jaketi la kuokolea ambalo mikanda yake haikufika mbele, akaingizwa kikapuni, akashika wavu kwa mkono mmoja na mkasi kwa mkono mwingine. Kreni ikamvuta. Boti ikashuka, akabaki hewani. Boti ikapanda, ikamgonga kwa chini, akatumbukia miguu na suruali kwenye wimbi lililokuja nyuma yake. Mwendesha kreni akaogopa, akamvuta juu kabisa asigongwe tena, na alipofika juu, meli ikalala upande, kikapu kikaanza kuzunguka. Nahodha akaamuru kreni isimame. Ndivyo alivyoning'inia pale juu, kati ya boti na meli, akizunguka polepole, anatazama Kimbiji, anatazama Madagaska, anatazama Kimbiji.

Kiongozi wa matarumbeta, ambaye alikuwa amelipwa apige mgeni atakapoinuliwa, akaona ameinuliwa. Wakapiga.

Wakati huohuo redio ya kwenye chumba cha usukani ikaita. Alikuwa nahodha wa meli, Mnorwei mmoja mwenye umri.

"Boti, boti. Mlinipa mita moja na nusu. Hapa napima mbili na nusu na zinapanda. Nani ameandika karatasi hii?"

Theonest alichukua kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nyororo. "Kapteni, hiyo ni hali ya muda tu. Mtaalamu wetu yuko hapa nami, anathibitisha kwamba zinashuka. Mpandishe mgeni, dakika kumi tu, apige picha." Kisha akakifunika kwa kiganja, akamgeukia Yustina. "Mama, mwambie yanapungua. Neno moja tu. Yanapungua."

Yustina amenieleza alichokifikiria pale, na hakikuwa cha kishujaa. Alifikiria kazi. Alifikiria Adelina ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza. Aliona kwamba akisema "yanapungua" huenda kweli kukatokea bahati, hizo dakika kumi zikapita, na wote warudi wakale pilau iliyobaki. Akakipokea kile kipaza sauti.

"Kapteni," alisema, "mie ndiye Yustina, wa hali ya hewa."

"Niambie. Zinapanda au zinashuka?"

"Zinapanda. Nusu saa ijayo zitafika mita tatu na nusu, na hazitashuka mpaka kesho jioni. Karatasi uliyonayo si ya kwangu. Ya kwangu ilisema mfunge kisima jana."

Redio ikakoroma kidogo. "Una hakika?"

"Niliiandika kwa mkono wangu. Aliyeibadilisha yuko hapa, amenibana kiwiko."

Theonest akamwachia kiwiko.

Nahodha akatoa amri. Kreni ikaanza kumshusha mgeni rasmi, si kwa heshima sana, akatua kwenye zulia kwa makalio, na boti ikaambiwa iondoke mara moja, iende mbali. Walipokuwa wanageuka waliona ule moto unapungua, ukawa mdogo kama wa jiko la mchina, ukazimika. Kisima kilikuwa kimefungwa kwa ile valvu kubwa ya chini. Saa nane za kufanya kazi kwa utulivu hazikuwepo tena, kwa hiyo nahodha alifanya kinachofanywa pasipo na muda: alilikata bomba. Mlio wake ulisikika hadi kwenye boti. Vipande vizima vya bomba, na vyuma vilivyotoka mbali kwa meli, vikaenda chini ya bahari. Meli ikainuka, ikawa huru.

Saa sita mchana mawimbi yalifika mita tatu na nusu na alasiri yote yakabaki hapohapo. Minyororo miwili ya nanga ilikatika, meli ikasukumwa kando kwa umbali wa viwanja kadhaa vya mpira. Ndani yake kulikuwa na watu tisini na wawili. Aliyeumia ni mmoja, mpishi, alivunjika kidole cha mkono. Kama bomba lingekuwa bado limeshika wakati meli inasukumwa, nisingekuwa na hadithi ya kuchekesha ya kukusimulieni.

Kesho yake taarifa ya kampuni ikasema kwamba mgeni rasmi "alikagua kwa karibu shughuli za baharini, kutokea juu," na kwamba bahari ilikuwa shwari. Jumatatu Yustina akapewa barua. Alikuwa amefukuzwa kwa kosa la kutoa taarifa za ndani za ofisi kwa mtu asiyehusika. Mtu asiyehusika alikuwa nahodha wa meli.

Alirudi Mtoni saa tano asubuhi, saa ambayo mtu wa ofisi harudi. Romani aliona, akaweka patasi chini, akamuuliza, "Umekula?" Akasema hajala. Romani akamchemshia chai mwenyewe, na Yustina akalia kidogo, kisha akanywa.

Unafikiri mtaa ulimpokea kwa shangwe? Mtaa ulikuwa umepoteza utajiri wake. Meli ilisimamisha kazi kusubiri mabomba mengine, na mabomba hayakuonekana. Mwenye Gesi Asilia Stoo alimnyima Mama Adelina chumvi ya mkopo, akamwambia aende akaikope kwa nahodha. Mzee Mfaume alitoa maelezo ya kina zaidi.

"Hawa watu wa kusini wana mambo yao," alituambia kibarazani. "Mwanamke anasema bahari itachafuka, na bahari inachafuka. Nyie mnaona ni kawaida hiyo?"

"Lakini mzee," nilimwambia, "si ndiyo kazi aliyoajiriwa?"

"Aliajiriwa aseme. Hakuajiriwa iwe."

Nikamuuliza, kwa kuwa wazungu wa gesi hawaji tena, kodi itashuka? Akasema hayo ni mambo mawili tofauti.

Miezi miwili ikapita. Ndipo siku moja, Jumapili, watu wametoka kanisani, gari la kampuni likasimama mbele ya kibaraza cha Romani. Akashuka Theonest, amebeba boksi la juisi na mkate wa maziwa.

"Shikamoo, mama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia tangu amjue.

"Marahaba. Karibu."

Akakaa kwenye kigoda. Akasifia vinyago. Akauliza maendeleo ya Adelina shuleni, ingawa alimwita Adela. Kisha akalifikia alilolijia. Kampuni ilitaka kulipwa na watu wa bima kwa vile vyuma vilivyozama. Watu wa bima walikuwa wamefika kutoka nje, na walikuwa na swali moja: mawimbi yalikuwa na urefu gani, na kampuni ilijua lini? Kama bahari ilichafuka ghafla kupita makadirio ya mtu yeyote, bima inalipa. Kama kampuni ilikuwa na habari na ikaendelea, hailipi hata msumari.

"Watakuja kwako," alisema Theonest. "Wewe ndiye mtaalamu. Nakuomba uwaambie ilikuwa mita saba."

"Saba?"

"Au sita na nusu. Na kwamba ilikuja ghafla, hakuna aliyeweza kujua. Na mie nitahakikisha unarudi kazini kwako, mama, hata Jumatatu."

Romani alikuwa anachonga sikio la kinyago. Aliacha kuchonga.

Mie nilikuwa kwenye ukuta wa jirani najifanya naanika nguo, na kusema kweli nilikuwa naanika nguo ileile kwa mara ya tatu.

"Mwanangu," alisema Yustina, "mwezi wa tatu uliitaka bahari fupi. Mwezi wa tano unaitaka ndefu. Mie nitaipata wapi bahari ya kukutosha?"

"Mama, ni namba tu."

"Kulikuwa na watu tisini na wawili juu ya hiyo namba."

Theonest akainuka. Alifika garini, akasita, akarudi kuchukua juisi. Mkate aliuacha, nadhani kwa kuwa Romani alikuwa ameshaukata.

Watu wa bima walikuja Jumatano, wanaume wawili wenye jasho na mkalimani. Walikaa kwenye vigoda vilevile. Yustina alitoa daftari lake na ile nakala ya kaboni aliyoibakiza ile Jumatano ya mwezi wa tatu, kwa sababu miaka kumi na sita serikalini ilimfundisha kutotoa karatasi yoyote mkononi bila kubaki na nyingine. Mmoja aliisoma, akamwonyesha mwenzake ile iliyofutwa kwa wino mweupe, waliyoipata kwa nahodha, wakaziweka sambamba gotini. Mkubwa wa hao wawili akauliza jambo moja tu.

"Kwa nini kwenye hii iliyobadilishwa waliiacha nusu?"

Yustina akasema hajui, labda waliona aibu kubadilisha yote.

Bima haikulipa. Kampuni ikatangaza kwamba inaondoka kwa muda kujipanga upya, na muda huo bado unaendelea. Kisima kilizibwa kwa saruji. Meli ilivutwa na meli nyingine kuelekea kusini, na nahodha, kabla ya kuondoka, alimtumia Yustina barua ya mistari minne, ya shukrani, ndani yake mkiwa na majina tisini na mawili yaliyopigwa kwa taipu. Hakuwa na kingine cha kumpa, nadhani, au hakuwa mtu wa zawadi. Theonest, kama ulivyokwisha kubahatisha, hakudhurika. Mwaka haujaisha alikuwa mshauri wa uwekezaji, anasafiri na yule mkubwa wa mkasi, wakifungua viwanda vilivyofungwa.

Yustina alikaa nyumbani miezi minane. Aliuza vinyago vya mumewe kwa watalii, kazi aliyoifanya vibaya sana kwa sababu kila aliyemuuliza kama ni mpingo halisi alimwambia ukweli. Kisha mtu mmoja aliyewahi kufanya naye kazi serikalini akamtaja kwa Bi Raudha, mwanamke mwenye mashamba ya chumvi huko Kunduchi. Chumvi huanikwa kwenye mabwawa yenye kina kifupi, wiki nzima ya jua. Mvua ya nusu saa ikikukuta hujaivuna, inarudi kuwa maji. Bi Raudha alikuwa amepoteza mavuno mawili kwa kumsikiliza shemeji yake, ambaye hutabiri kwa goti.

Mwezi wake wa kwanza pale, siku ya anga nyeupe na joto, Yustina alikwenda mabwawani akawaambia vibarua wavune yote kabla ya adhuhuri ya kesho. Vibarua walitazama juu, wakatazamana. Msimamizi akasema chumvi bado changa, iongezwe siku mbili. Shemeji akalinyoosha goti lake mbele ya watu, akatangaza kwamba haliumi.

Bi Raudha akamuuliza Yustina, "Una hakika?"

"Naweza kukosea," Yustina alisema. "Lakini hicho ndicho nilichokipima."

Bi Raudha akavua viatu, akapandisha gauni, akachukua koleo, akaingia bwawani. Wengine wakamfuata wakinung'unika. Walivuna mpaka viganja vikachubuka, wakafunika marundo kwa maturubai. Kesho yake saa saba mchana mvua ilinyesha, na shemeji alikuwa chini ya turubai pamoja na wengine, analisugua goti.